Dakta Krapf na Kaburi la Ng'ambo

Kila mtoto aliyepita skuli katika Kenya amelisikia jina la Dakta Johann Ludwig Krapf. Atakwambia kuwa huyo ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, pengine na mwaka atautaja, kisha maneno yatamwishia hapo. Habari za milima zimeandikwa sana. Mimi leo nataka kumweleza Krapf kwa upande mwingine, upande ambao sisi watu wa Mvita tuna haki ya kuusema kwa kuwa mengi yalimpata mbele ya macho ya wazee wetu. Nataka kusema alichojinyima mtu yule, alichoshindwa kujinyima, na ni nani waliolipa pamoja naye.

Wakristo wana neno lao, kujikana nafsi. Injili yamtaka mwanafunzi wa Isa ajikane, ajitwike msalaba wake, amfuate. Sisi tuliokaa jamvini mbele ya maalimu na ubao mkononi tuna neno zuhudi, na tuna habari ndefu za kupigana na nafsi. Mambo haya mawili ni majirani lakini si nyumba moja. Mwenye zuhudi huipa dunia kisogo. Mkristo anayejikana hukipa kisogo hata kile kilicho halali yake, nyumba yake na nchi yake na mara nyingine watu wake, ikiwa anaona ameitwa kwingine. Kwa Krapf jambo hili halikuwa maneno ya mimbarini.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Württemberg iliyo sehemu ya Ujerumani ya leo. Wazazi wake walikuwa wakulima, Walutheri wacha Mungu. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga kipigo kikubwa kwa kosa lililofanywa na mtu mwingine, naye akaugua muda wa nusu mwaka. Katika kulala huko ndiko alikoshika kusoma Maandiko. Baadaye baba yake alimnunulia kitabu cha ramani, na mtoto akaona kuwa upande wa Adal na Usomali karatasi karibu ni tupu, majina ni machache kama miti jangwani. Watoto wengine wangefunua ukurasa wa pili. Yeye ukurasa ule haukumtoka moyoni.

Alisoma Basel kwenye chuo cha wamisionari, akaingiwa na shaka, akatoka. Akasomea dini katika Chuo Kikuu cha Tübingen hadi 1834, akawa msaidizi wa kasisi, kisha akaiacha kazi hiyo baada ya kuhubiri habari za mwisho wa dunia kwa namna ambayo wakubwa wake hawakuipenda. Mwaka 1837 chama cha wamisionari cha London kiitwacho CMS kilimtuma Ethiopia. Tigray akafukuzwa 1838. Akaingia Shoa mwaka 1839, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa kama miaka mitatu, na huko ndiko alikowajua Waoromo, akawapenda, akaanza kuwaandikia lugha yao. Tangu hapo nia yake ilikuwa Waoromo. Hilo msomaji alishike, kwa sababu Krapf hakuja Mombasa kwa ajili yetu sisi. Alikuja kutafuta mlango wa nyuma wa kuwafikia wale.

Alitoka Shoa mwaka 1842 ili akaoe. Njiani aliporwa karibu kila alichokuwa nacho, akafika Massawa hali hana. Bibi arusi alikuwa Rosine Dietrich wa Basel, aliyevuka bahari hadi Misri kuja kuolewa naye, na ndoa ilifungwa huko mwaka ule ule. Walipojaribu kurudi Ethiopia mwaka 1843 walifungiwa njia. Rosine alijifungua jangwani, bara ya Massawa, chini ya miti, hana mkunga. Mtoto hakuishi. Wakampa jina la Eneba, neno la Kiamhara, maana yake chozi.

Mtu mwingine angeona hiyo ni ishara ya kutosha, akamrudisha mke wake kwao. Krapf akatweka tanga kuelekea kusini. Mwezi wa Januari 1844 walifika Zanzibar, na Seyyid Said akampokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake wote. Sultani huyo, Mwislamu wa Kiibadhi, alimtambulisha kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwavuta watu kwa Mungu, akaamrisha atendewe mema na asaidiwe kila mahali. Barua hiyo mimi huikumbuka kila nisikiapo watu wakisema kwamba pwani yetu daima ilikuwa imefunga milango.

Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Liwali Ali bin Naser aliwatendea wema. Na hapo Krapf akafanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko kuona mlima: akakaa chini kusoma. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, anayejua Kigiriki na Kiebrania na Kilatini, na Kiarabu, Kiamhara na Kioromo, alimwendea Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin, awe mwalimu wake wa Kiswahili. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na Kadhi akimsahihishia. Watu wawili, kila mmoja akijua kuwa mwenziwe ni wa dini nyingine na hakusudii kuiacha, wameinamia karatasi moja wakitafuta neno la Kimvita litakalochukua habari za Adamu na Hawa. Sura za kwanza za kazi hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, nazo ni katika maandishi ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kizungu. Mwenye elimu akubaliye kusahihishwa kama mtoto wa chuoni amekwisha kuikana sehemu ya nafsi iliyo ngumu kukanika.

Mwezi mmoja haukutimia, homa ikaingia nyumbani. Siku zile hakuna aliyejua kuwa homa ya malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya. Mwanzo wa Julai Krapf alikuwa kitandani, na Rosine naye, mimba yake imetimia. Akajifungua mtoto wa kike, na homa ikazidi. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafa. Mumewe alikuwa dhaifu hata ikawa taabu kwake kuinuka kitandani ahakikishe kuwa mkewe amekata roho kweli. Siku mbili tatu baadaye na kichanga kikamfuata mama yake.

Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, ambako leo ni Nyali, kwa kuwa ilitakikana walale katika nchi ya wale waliokuja kuhubiriwa, watu walioitwa Wanyika wakati huo na ambao leo tunawaita kwa jina lao la heshima, Wamijikenda. Kisha Krapf akaandika barua London. Barua hiyo ni mashuhuri, imekaririwa mimbarini tangu siku hizo mpaka leo. Hakuomba ruhusa ya kurudi. Maana ya maneno yake ni kuwa chama sasa kina kaburi katika ufuo huu, na kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imekwisha kuanza.

Hapa nataka kusimama kidogo. Nimesikia makasisi wakiieleza barua hiyo kuwa ndio ukomo wa kujikana nafsi, na sikatai kwamba moyo ulioiandika ulikuwa mkubwa. Lakini sisi tumefunzwa kuwa mke ana haki yake juu ya mume, na mtoto ana haki yake juu ya baba, na haki hizo hazifutiki kwa sababu mwenye kudaiwa yumo katika ibada. Mtu aweza kutoa nafsi yake. Je, aweza kutoa na ya mwenziwe akahesabiwa ameitoa yake?

Mkristo atanijibu kuwa Rosine hakuburutwa. Na kweli hakuburutwa. Alitoka kwao Basel kwa miguu yake, alimzika Eneba akaendelea na safari, na alikuwa mwanafunzi wa Isa kwa haki yake mwenyewe, si kwa kufuata nyayo za mume. Hilo nalikubali, tena naona wanaomsifu Krapf humpunja mkewe kwa kumfanya awe mzigo uliowekwa juu ya madhabahu, hali alikuwa na mikono na akili yake. Kinachonibakia kooni ni wale watoto wawili. Wao hawakuitwa na mtu.

Krapf alibaki peke yake Mombasa karibu miaka miwili, akiandika kamusi na kuzunguka vijijini. Tarehe 10 Juni 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenziwe wa Württemberg, naye kabla hajatulia akashikwa na homa. Mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, baada ya wazee wa kaya kuwakubalia. Walipanda kilima wakiwa wagonjwa, wakipokezana punda mmoja, kwa kuwa hapana aliyekuwa na nguvu za kwenda kwa miguu njia nzima. Nyumba waliijenga kwa mikono yao pamoja na watu wa Rabai. Wazee waliwasikiliza kwa adabu, wakawauliza maswali mazuri, wakaendelea na mila zao. Mtu wa kwanza kubatizwa na Krapf huko alikuwa Mringe, kiwete, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa katika kufa. Mavuno ya miaka yote ile ni mtu mmoja, naye akaenda zake.

Wenzao waliotumwa kuwasaidia hawakudumu. Wagner alikuja mwaka 1849 akafa mwaka uo huo. Pfefferle alikuja 1851, naye akafa. Safari za bara ndizo zilizoleta sifa: Rebmann kuiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, Krapf kuuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na mabingwa wa ramani waliokaa London wakicheka kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Katikati ya hayo alikwenda pia Usambara kwa mfalme Kimweri, mwaka 1848 na tena 1852.

Safari iliyompima kweli ni ya 1851. Alikwenda Ukambani kutafuta mahali pa kituo kipya, akafuatana na rafiki yake Kivoi, yule tajiri wa misafara, kuelekea mto Tana. Mwezi wa Agosti, karibu na mto, walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia porini, akajikuta peke yake, hana chakula, hana maji. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akawaza atachukua maji ndani ya nini. Akajaza mkoba wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Silaha yake ikawa mtungi! Alitembea usiku akijipapasa katika miiba, mchana akajificha. Alipofika kijijini kwa Kivoi mambo yakazidi, maana ndugu za marehemu walimwona ana makosa: vipi mgeni arudi mzima na mwenyeji amekufa? Ikambidi atoroke usiku ili asiuawe. Msafiri kafiri, wamesema wahenga wetu, lakini huyu njia nzima alikuwa akiomba. Akafika Rabai amekonda, nguo vipande vipande.

Basi kwa njaa, kiu, upweke na misiba hana mpinzani. Na sasa niseme alichoshindwa kujinyima.

Alishindwa kujinyima haraka. Alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi upande wa magharibi wa Afrika, na kila mara macho yake yalikuwa mbele ya miguu. Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliona afadhali kukaa mahali pamoja hata watu wamjue. Hawakuelewana vizuri juu ya jambo hilo. Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake, Rebmann akabaki. Mkewe alifia Rabai mwaka 1866, macho yakapofuka, naye yupo Rabai. Miaka 29 hakurudi kwao, na wakati mwingine alikuwa Mzungu peke yake katika misheni nzima. Ukiniuliza ni nani kati ya wawili hawa aliyejikana zaidi, nitakujibu kuwa ni yule ambaye skuli hazimtaji sana.

Alishindwa pia kujinyima chuki yake ya dini yetu. Vitabu vyake vina maneno makali juu ya Uislamu, na juu ya watu wa bara vilevile, maneno ambayo hayakubaliki kwa mtu aliyekula chumvi ya Kadhi na Liwali. Hata herufi alizipiga vita. Alishikilia kuwa Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi kisiandikwe kwa za Kiarabu, na hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuwa herufi za Kiarabu hazitoshi kwa irabu na sauti za Kiswahili, ina ukweli ndani yake, na yeyote aliyewahi kusoma utenzi wa kale katika karatasi isiyotiwa vitone vizuri ataungama. Ya pili ilikuwa hofu kwamba herufi hizo zingeufungulia Uislamu njia za bara. Huyu alikana nafsi lakini hakuikana hofu.

Na pamoja na hayo, mtu huyu huyu ndiye aliyekusanya miswada ya tenzi zetu, iliyoandikwa kwa herufi zile zile, akaipeleka Ujerumani mwaka 1854 kwa chama cha wataalamu wa lugha za mashariki kilichokuwa Halle. Ndani yake mlikuwa na utenzi wa Herekali, ule wa Pate unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Sisi washairi tuna deni hapo, tupende tusipende. Ngapi zilizobaki majumbani kwetu zimeliwa na mchwa?

Maisha yake ya baadaye aliyapitisha Korntal, mji mdogo wa Württemberg. Alioa tena mara mbili. Alirudi pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waliojenga Ribe, na mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda Ethiopia, awe mkalimani, lakini maradhi yakamrudisha nyumbani. Kutoka hapo safari zake zikawa za kalamu. Alisimamia kupigwa chapa kwa maandiko ya Kiamhara na Kioromo, kazi kubwa, macho yake yakizeeka. Kamusi yake ya Kiswahili, aliyoianza Mombasa mwaka 1844 alipokuwa bado ana mke, ilikuwa inangoja. Wakati huo Askofu Steere wa Zanzibar alikwisha kutoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, kwa lahaja ya Unguja, na watu wakaanza kukishika hicho. Mwenye kutangulia alikuwa anapitwa.

Mwaka 1875 Rebmann alirudishwa Ujerumani, kipofu, mzee kabla ya wakati. Alikwenda kuishi Korntal, karibu na mwenziwe waliyehitilafiana miaka mingi, na akafa huko mwaka 1876. Aliacha miswada. Mmoja ulikuwa kamusi ya Kinyasa, lugha ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, ambayo Rebmann aliikusanya Rabai kutoka kwa mtumwa mmoja wa huko aliyeletwa pwani. Krapf alikuwa na umri wa miaka 66, na kamusi yake mwenyewe iko mezani haijapigwa chapa baada ya zaidi ya miaka 30. Akauchukua mswada wa marehemu, akausafisha, akautoa mwaka 1877 kwa jina la Rebmann. Kazi ya mtu aliyempinga ikatoka kwanza.

Katika maisha yake yote, hapo ndipo mimi ninapoona kujikana nafsi kusiko na doa. Hapana mtu aliyekufa kwa ajili yake, hapana barua iliyoandikwa London, na makasisi hawaihubiri. Ni mzee akisoma mwandiko wa kipofu kwa taa, neno kwa neno, katika lugha ya nchi ambayo hakupata kuikanyaga.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa kando ya kitanda chake, amepiga magoti katika sala. Kamusi ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, kitabu kinene, kimejaa Kimvita cha wazee wetu, maneno mengine siku hizi huyasikii ila kwa bibi wa Mji wa Kale. Tahajia yake inasumbua, na lahaja iliyochaguliwa baadaye kuwa Kiswahili sanifu, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ilikuwa ya Unguja na siyo aliyoishughulikia yeye.

Alizikwa Korntal, katika makaburi yale yale alimozikwa Rebmann. Rosine na mwanawe wamebaki Nyali.